Faradhi Aliyotubebea Bibi

Maneno yaliyosemwa katika hitma ya arobaini, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe wetu mlioko barazani, wazee wa mtaa, akina baba na wajomba, akina mama na mashangazi mliojaa ukumbini na uani, majirani wa dini zote mliotushika mkono siku ya mazishi na leo mmerudi kutushika tena, nawaamkia kila mmoja kwa heshima yake. Wakubwa zangu, shikamooni. Ukoo umenituma niseme maneno machache juu ya Bibi yetu kabla dua haijafungwa. Wamo humu wasemaji hodari kuliko mimi, na wamo waliomjua kabla mimi sijazaliwa. Nadhani nimetumwa kwa kuwa katika miaka yake ya mwisho, macho yalipomwia mazito, mimi ndiye niliyemsomea na kumwandikia daftari lake, nami kwa kazi ni mhasibu, na mhasibu akishazoea daftari la mtu huwa amemjua mtu mwenyewe.

Naelewa kwamba wamo miongoni mwetu wasiosoma arobaini na wanaoona kwamba hitma hii haina asili. Bibi aliwajua kwa majina, alikuwa na wajukuu katika kundi lao, aliwapikia na kuwaombea, na hakukubali kamwe suala hilo liwatenge watu kwenye sinia. Basi anayeitikia dua aitikie, na aliyekuja kwa ujirani tu naye akae kwa raha. Ninayokusudia kuyasema yanahusu jambo ambalo hatuna ugomvi juu yake, hata wale tunaobishana kuhusu mengine yote.

Jambo hilo ni faradhi kifaya. Muislamu akifa, walio hai wanadaiwa mambo manne juu yake: kumwosha, kumkafini yaani kumvisha sanda, kumswalia na kumzika. Wakisimama wa kutosha wakayatimiza, wengine wote wamesalimika. Asiposimama hata mmoja, dhambi inawaenea wote waliojua na waliokuwa na uwezo. Tuliyasoma hayo chuo cha Qur'ani tukiwa wadogo, tukayapita haraka kwenda kwenye milango mingine ya kitabu, kwa sababu katika mtaa wetu hao wa kutosha walikuwapo siku zote. Alfajiri ikigongwa hodi na kuambiwa kwamba fulani ametutoka, na maiti akawa ni wa kike, neno la kwanza lilikuwa "Mwiteni Bibi," kisha kila mtu akashika lake: wanaume wakaenda makaburini na majembe, vijana wakatafuta turubai na viti, akina mama wakainjika masufuria. Hakuna aliyeuliza nani ataosha, wala sanda itatoka wapi. Kwa zaidi ya miaka hamsini tumeishi tukiwa tumesamehewa, na msamaha huo ulikuwa ukipita mikononi mwa mwanamke mmoja na wenzake wachache, ambao nao wengi wamekwisha kutangulia. Tangu siku tuliyomzika, faradhi hiyo imerudi juu yetu sote, na hilo ndilo hasa nililosimama kulisema. Mengine nitakayoyasimulia ni ya kulieleza hilo.

Katika siku hizi za msiba nimesikia Bibi akisifiwa kwa huruma na upole. Huruma alikuwa nayo. Upole, niruhusuni wakubwa zangu, tusimzulie. Wengi wenu humu mmewahi kurudishwa mlangoni na Bibi, na mmoja wetu, ambaye leo ni mtu mwenye cheo na simtaji, aliwahi kuvuliwa kofia na kuulizwa mbele ya wageni alikuwa wapi wakati jirani yake akizikwa. Chumba cha kuoshea maiti hakikuingiwa na mtu aliyekuja kutazama. Waliingia wenye kazi: wa kuosha, wa kumimina maji, wa kugeuza, na wa kushika shuka ya sitara, ndugu wa marehemu akitaka kuingia, naye alipewa kazi au akaombwa asubiri ukumbini. Na lililoonekana mle ndani lilibaki mle ndani. Palikuwa na mama mmoja, Mungu amrehemu, aliyetoka chumbani akasimulia kovu alilolikuta mwilini mwa maiti. Bibi hakumkaripia hadharani, ila hakumwita tena kwenye kazi hiyo maisha yake yote. Na mama yule alipokufa, Bibi akamwosha kwa mikono yake mwenyewe, kwa uangalifu uleule, na hakuna anayejua alikuwa na makovu au hakuwa nayo.

Ninavyomfahamu mimi, kilichoidumisha kazi ile ni utaratibu. Huruma huja mtu anapoyaona machozi, na machozi yakikauka nayo hupungua. Lakini sanda iliyokwisha kukatwa, ikakunjwa na kuwekwa kashani pamoja na karafuu maiti, pamba na udi, haingoji moyo wa mtu uguswe. Nimeona jumuiya nyingi zikiundwa kwa machozi ya msiba mmoja na kufa kabla ya msiba wa pili. Kasha la Bibi halikufa, nami naomba tuangalie kwa nini.

Kasha lenyewe lilianza kabla yake. Alikabidhiwa na mama yake mzazi, na mama yake aliliweka kwa sababu ya mkonge. Wazee mnakumbuka, na vijana mmefundishwa, kwamba mkonge uliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza hapa Tanga, na kwamba kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani kwa katani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Katani ile ilijenga majumba ya watu wengine na bandari tunayoiona. Waliokata majani yake wengi hawakuwa wenyeji wa hapa. Walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Songea, Kigoma, Rwanda na Burundi, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Mke wa namba akizidiwa, aliletwa hospitali mjini, na akifia huko hakuwa na shangazi wa kumwosha wala mjomba wa kumnunulia bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Mume alikuwa na ujira wa kadi ya siku za kazi ambayo haijajaa. Akina mama wachache wa barabara hizi za Ngamiani, waliokuwa wakikutana kwa maulidi ya mfungo sita, wakaona si sawa mwanamke wa Kiislamu azikwe na watu wasiomhusu, pengine bila kuoshwa, katika mji wenye misikiti mingi kama huu. Wakachanga, wakanunua kasha na jora la kwanza. Baadaye kamba za plastiki ziliposhusha bei ya katani na mashamba yakaanza kuota vichaka, wengi wa wale waliokuja kwa ajira walibaki huku bila kazi na bila nauli ya kuwarudisha kwao, na kasha likapata kazi zaidi kuliko wakati wa neema.

Bibi alipolipokea alifanya jambo ambalo mama yake hakulifanya: alifungua daftari. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa chuoni, mdogo na wima, nami ilinibidi kurudi kujifunza ili niweze kuusoma. Ukurasa wa kwanza una maneno matatu tu: "Kasha si langu." Ukurasa unaofuata una masharti, na masharti yenyewe ni ya mtu aliyekwisha kuona vyombo vya umma vinavyoharibika. Sanda inayotoka huandikwa siku hiyohiyo kabla ya kulala. Mwenye uwezo hurudisha kitambaa kwa kitambaa, si pesa, kwa sababu bei ya bafta hupanda na pesa iliyowekwa hunyauka. Asiye na uwezo haandikwi jina. Huandikwa "mja wa Mungu," ili wajukuu zake wasije kusoma siku moja kwamba bibi yao alizikwa kwa sadaka. Sanda zikibaki tatu, hakuna kungoja Maulidi. Unapitishwa mchango siku hiyo. Na aliyetaka kulipa kwa kuoshewa mamake aliambiwa maneno ambayo wengi wenu mmeyasikia kwa masikio yenu: "Maiti hawezi kupatana bei, kwa hiyo kazi yake haiuzwi."

Yapo katika daftari hilo madeni yaliyoshindikana, ya watu waliokuwa na uwezo na hawakurudisha. Nikiwa mhasibu nilitarajia kuyakuta yamefutwa kwa kalamu, kama yanavyofutwa maofisini. Sikukuta hivyo. Kila mwaka baada ya mfungo sita kuna mstari mmoja unaosema "kutoka vitumbuani," na kiasi chake ni sawasawa na kitambaa kilichopotea. Bibi hakuona kwamba ana ruhusa ya kusamehe kwa mali ya wenzake. Alinunua deni kwanza kwa pesa yake ya vitumbua, kisha akasamehe kilicho chake. Nimekagua hesabu za watu wengi waliosoma kuliko yeye, na uaminifu wa namna hiyo sijauona mara nyingi.

Daftari hilo liliwahi kumwokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa za foleni na kibali, na sabuni ilikatwa vipande. Ulipofika mwaka 1983, serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, watu walikuwa wakitupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo, na nyumba yenye majora ya bafta chini ya kitanda haikuwa nyumba salama. Ndugu zake walimshauri azike kitambaa shambani. Alikataa. Alivaa buibui, akabeba daftari, akaenda mwenyewe kwa balozi wa nyumba kumi na kumwambia kwamba anayo nguo nyingi nyumbani, na hii hapa hesabu yake. Balozi hakujua kuzisoma herufi zile. Akaitwa sheikh, akasoma kwa sauti ukurasa hadi ukurasa, na kwa mujibu wa wazee waliokuwapo, baadhi ya waliokuwa wakisikiliza walianza kusikia misiba ya kwao wenyewe. Kasha halikuguswa. Tangu siku ile, hata viongozi wa chama walipofiwa, mtu wao alikuja kubisha hodi hapa.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ilipofika 1986 hakukuwa na mkoa wa Bara ambao haukuwa umepata mgonjwa. Sisi tuliokuwa watoto tunakumbuka minong'ono: maiti fulani asiguswe, maji ya kuoshea yana sumu, tumfunge kwenye nailoni na kumzika hivyohivyo. Waoshaji wengine waliacha kazi, na mimi siwalaumu, kwa maana hakuna aliyekuwa amewaeleza chochote. Bibi alikwenda Hospitali ya Bombo akauliza. Aliuliza maswali ya mtu anayetaka kufanya kazi: ugonjwa unapita wapi, unauawa kwa kitu gani, mikono yangu ikiwa na mchubuko nifanyeje. Akarudi na maelekezo na mipira ya mikononi, akaiongeza kwenye kasha, na kwenye daftari ikapata mstari wake kama bafta na pamba. Alijua vizuri kwamba sheria ina nafasi ya dharura, na kwamba maiti asipowezekana kuoshwa hutayamamishwa, yaani hupakwa udongo safi badala ya maji. Ila alisema kwamba dharura huthibitishwa kwa elimu, haithibitishwi kwa woga. Katika miaka hiyo aliosha mabinti ambao mama zao wenyewe waliogopa kuwakaribia. Alifuata mafundisho yaleyale aliyoyapokea na aliyotufundisha sisi, yale ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwapa akina Ummu Atiyya walipokuwa wakimwosha binti yake: anzeni upande wa kulia na viungo vya udhu, osheni kwa witiri, yaani mara zisizogawanyika kwa mbili, kwa maji na majani ya mkunazi, na mara ya mwisho tieni kafuri. Nywele alizisuka mafundo matatu, hata za binti ambaye ugonjwa ulikuwa umembakizia chache. Kisha vitambaa vitano, kama wanavyostahili wanawake: kikoi, kanzu, ushungi na mafumbato mawili, yaani shuka za kumzungushia mwili wote. Hakupunguza hata kimoja kwa sababu ya namna mtu alivyokufa. Kama kuna ukurasa wa maisha ya Bibi ambao ningependa Mola auangalie kwanza, ni huu.

Shughuli zake nyingine mnazijua, nami sitazirefusha. Chuo cha wasichana hapa barazani kilitoa watu waliohitimu juzuu thelathini na baadaye wakawa wauguzi na walimu. Serikali ilipotangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, alijiandikisha kisomo na akakalishwa darasa la wasiojua kusoma, yeye aliyekuwa akiandika Kiswahili tangu utotoni. Alikaa, akajifunza herufi nyingine, kisha akawa anawafundisha wenzake jioni. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio, na vyoo kadhaa vya uchochoro huu vilichimbwa kwa sababu alikuwa akipita kuvikagua. Majirani zetu Wakristo wanaweza kueleza vizuri zaidi kuliko mimi: msiba wao ukitokea alikuwa jikoni kwao kabla ya jua kuchomoza, akiosha vyombo, na hakupika chakula chake kando.

Ibada yake ya faragha ni baina yake na Mungu wake. Nitasema tu kwamba usiku baada ya kuosha maiti alikaa kwenye mswala muda mrefu kuliko kawaida, na kwamba hatukuruhusiwa kumsemesha.

Sasa nakuja kwenye mambo ya leo. Siku ya mazishi tulitangaza, kama dini inavyotaka, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Alijitokeza mwenye duka, kwa sukari ya wiki moja, naye amelipwa. Katika kikao cha mirathi iliulizwa kama kasha na vilivyomo vihesabiwe pamoja na vitu vya marehemu, na lilikuwa swali la haki, halikuwa la tamaa. Kasha limekaa chumbani kwake tangu wengi wetu hatujazaliwa. Tulifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, mashekhe wakausoma, na shauri likaisha hapo. Kasha halirithiwi. Ni la akina mama wa mtaa huu, nasi watoto na wajukuu tunayo haki ileile waliyo nayo majirani.

Limekuja pia pendekezo la kumjengea ukumbusho: wengine wanataka kisima chenye jina lake, wengine wanataka ukumbi. Wanaolitoa wanampenda, na sadaka ya maji ni sadaka njema, anayeweza na aichimbe. Ila mimi, kwa ruhusa ya wakubwa zangu, napingana na jambo moja: tusifanye hayo tukadhani kwamba tumemaliza. Kisima kitakuwa na jina lake, na siku ya pili yake akifa mwanamke hapa mtaani tutaangaliana. Jambo hilo limekwisha kutokea. Wiki mbili baada ya Bibi, alifariki mama mmoja barabara ya jirani, na jenazah ikachelewa kutoka adhuhuri hadi karibu na magharibi kwa kutafutwa muoshaji, wakati ndani ya nyumba ile walikuwamo mabinti watu wazima, wenye shahada, wanaojua kusoma Qur'ani vizuri. Walikuwa wakilia kwa uchungu wa kweli. Hawakujua waanzie upande gani.

Waliojifunza kwa Bibi na bado wana nguvu ni wanne tu, nami nikiwa mmoja wao, na wawili kati yetu hatukai Tanga siku zote. Tumekutana tukakubaliana mambo yafuatayo, na mashekhe wameyabariki. Kasha litahamia kwa mama mdogo, mlango wa pili kutoka hapa, na litakuwa na funguo mbili, moja kwake na moja kwa akina mama wa maulidi, ili lisifunguliwe na mtu mmoja. Daftari litaendelea, kuanzia sasa tutaandika kwa herufi zote mbili, mstari kwa mstari, ili anayejua hizi amsahihishe anayejua zile. Hesabu itasomwa mbele ya watu kila baada ya Maulidi ya mfungo sita kama ilivyokuwa. Sanda zilizobaki ni chache kuliko kiwango alichokiweka, kwa hiyo mchango unapitishwa leo, na anayeweza kuleta kitambaa badala ya pesa atakuwa amefuata sharti lake.

Darasa la kuosha na kukafini litaanza Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri, hapahapa ukumbini, nalo ni la wanawake tu. Akina baba mtapangiwa lenu msikitini, maana nanyi mna wazee wanaochoka. Kila nyumba tunaiomba itoe mtu mmoja aliyebaleghe, na tunapendelea vijana. Kitambaa cha kujifunzia kipo, mikasi ipo, na muuguzi mmoja amekubali kuja kueleza masuala ya kujikinga. Anayeogopa aje na woga wake, ila simu abaki nayo nje. Majina anayaandika mama mdogo, pale karibu na mlango wa uani, kabla hamjaondoka.

Mashekhe, karibuni mtufungie dua. Wassalaam alaykum.